Deni Haliishi kwa Muhuri

Marafiki wangu wakipata viza ya J-1 kwenda Marekani, mimi husoma masharti yake kuliko wao. Niliacha chuo, muda ninao.

Kuna sharti moja hunisumbua. Baadhi yao, kwa mfano waliolipiwa na serikali na madaktari wanaoenda kwa mafunzo ya hospitalini, lazima warudi nyumbani wakae jumla ya miaka 2 kabla ya kupewa ukaazi wa kudumu. Wazo lenyewe ni poa: ulichojifunza kirudi kwenu.

Lakini hebu angalia. Daktari anaweza kuondolewa sharti hilo akikubali kufanya kazi miaka 3 katika eneo la Marekani lenye uhaba wa madaktari. Kila jimbo lina nafasi 30 kwa mwaka. Yaani deni la Turkana linalipwa Kansas, na Turkana hakuna aliyeulizwa.

Simlaumu daktari, amefuata sheria. Lakini hata anayerudi akakaa Nairobi miaka 2 akihesabu siku tu, naye amefuata sheria. Sheria inataka kujua mwili wako uko wapi. Mikono inafanya nini, haiulizi.

Kwa hivyo usichanganye kufuata masharti na kulipa deni. Wanaokudai ni waliochanga kwenye harambee yako, hadi mama mboga aliyetoa mia mbili. Hao hawana fomu ya msamaha. Uwe Kansas ama Kakamega, ukitaka kujua kama umelipa, waulize wao.