Muhuri wa Lunga Lunga

Mwalimu mmoja wa Likoni alinikubalia nisimulie yaliyompata kwa masharti mawili: nisimtaje jina, na nisiyapunguze makali. Mwaka 2023 alinunua Toyota Noah kutoka Tanga kwa mkopo wa chama cha akiba na mikopo cha walimu. Mkopo ungali unakatwa katika mshahara wake kila mwisho wa mwezi. Gari hana.

Mtu akiisikia habari hii juu juu atasema mwalimu alikuwa mzembe. Hakuwa. Ni mtu wa kuhesabu senti, asiyenunua hata redio bila kuuliza maduka matatu. Ndiyo maana habari yake inanitia hofu. Mimi nawe, tukikutana na bei ile siku tuliyobanwa na haja kama yake, twaweza kuipita njia ile ile.

Haja yenyewe ilikuwa ya halali. Mkewe anauza mitumba Kongowea, na nauli za tuktuk za kubeba marobota zilikuwa zinakula faida yote. Jamaa wa Tanga akamwunganisha na dalali aliyekuwa na Noah safi kwa shilingi 450,000 za Kenya. Mombasa, gari la aina hiyo na hali hiyo lilikuwa likiuzwa kwa zaidi ya laki saba. Mwalimu akavuka mpaka kwenda kuliona, akafuatana na fundi anayemwamini.

Yule fundi alifanya jambo ambalo kila mnunuzi angepaswa kulijua. Baada ya kusikiliza injini, alikaa kiti cha dereva, akauvuta mkanda wa usalama mpaka ukaishia, akaigeuza lebo ndogo ya kitambaa iliyoshonwa chini kabisa. Kwenye lebo ile huandikwa mwaka mkanda ulipotengenezwa, na mkanda wa kiwandani huwa haupishani sana na gari lenyewe. Ilisomeka 2008. Fundi akasema, "Mwalimu, injini haina neno. Lakini hili ni gari la zamani. Kwetu litapokelewa?" Dalali akawahi kujibu: "Kaka, barabara za Mombasa zina Noah ngapi kuukuu kuliko hii?"

Ni kweli zipo. Lakini hizo ziliingia Kenya zikiwa bado changa, zikazeekea humu. Kiwango cha Kenya cha ukaguzi wa magari, KS 1515, hakiruhusu kuingiza gari lililotumika likiwa limepita miaka 8, na umri huo huhesabiwa tangu mwaka gari liliposajiliwa mara ya kwanza kabisa huko lilikotoka. Mwaka lilipofika Tanga hauhesabiki. Tanzania haikatazi gari kuukuu. Huliongezea tu ushuru wa bidhaa kadiri umri unavyosonga. Kwa hiyo ng'ambo ya pili magari ya miaka 15 yapo mengi na kwa bei ya kuvutia, na unafuu unaotuvuta unatokana na umri ule ule unaoyazuia kwetu. Noah ile isingepata namba za Kenya hata kama mwalimu angekuwa na mamilioni ya kulipia ushuru. Swali la fundi lilikuwa swali la mwisho lililohitajika. Liliachwa hewani, watu wakaenda kunywa chai.

Mezani ikatolewa kadi ya gari. Jina lililoandikwa halikuwa la dalali, wala la mtu aliyejitambulisha kuwa muuzaji. "Ni la bosi, yuko Dar, ametupa ruhusa." Mwalimu aliomba kuzungumza na bosi kwa simu, akapewa mtu aliyekubali kila kitu kwa haraka. Hakuuliza kitambulisho. Aliniambia kwamba aliona haya, kwa kuwa jamaa yake alikuwa amekaa pale pale na asingependa kumfanya aonekane ameleta matapeli. Haya hii tunayo wengi wetu. Tunamlindia ndugu heshima yake kwa pesa za watoto wetu. Ndugu zangu, pale penye kadi ya gari, kuuliza si kumtukana mtu.

Halafu likaja la mpakani, ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Walikubaliana kwamba muuzaji mwenyewe ataliendesha gari kutoka Horohoro hadi upande wa Lunga Lunga, amkabidhi mwalimu huku, na "wakala wangu wa Mombasa atabadilisha namba." Muuzaji akaingia ofisini peke yake, akatoka na karatasi yenye muhuri. Mwalimu alipouona muhuri, moyo ukatulia. Akajua ushuru umelipwa. Salio likatoka siku hiyo hiyo.

Karatasi ile nimeishika mkononi. Jina lililo juu ni la muuzaji. Namba ya gari ni ya Tanzania, ile inayoanza na T. Chini kuna tarehe ya kuingia na tarehe ambayo gari linapaswa liwe limetoka. Ni kibali cha muda, kile anachopewa mgeni anayekuja kutembea na gari lake kisha arudi nalo kwao. Hakimruhusu mgeni kuliuza gari huku, wala hakimpi mkazi wa Kenya haki ya kuliendesha kama lake. Forodha iliandika sawasawa kile ilichoelezwa na aliyesimama mbele yake. Maneno yote yalikuwapo, yanasomeka vizuri kabisa, na mwalimu ni mtu wa kusoma. Lakini aliuona muhuri kabla ya kuyaona maneno.

Nyuma ya utulivu ule kulikuwa na fikira ambayo naisikia kila mara: kwamba siku hizi ni Jumuiya, na gari lililolipiwa ushuru Tanzania limeshalipiwa Kenya pia. Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulianza mwaka 2005, ni kweli, lakini nafuu yake ni kwa bidhaa zenye asili ya nchi wanachama. Gari lililotengenezwa Japani halibadiliki asili kwa kukaa Tanga miaka kumi. Likija kukaa Kenya hutozwa kodi za Kenya upya. Na kodi hizo si ndogo. Julai 2023 ushuru wa forodha wa magari ulipanda kutoka asilimia 25 hadi 35. Chukua gari la injini ya lita mbili ambalo Mamlaka ya Mapato ya Kenya, KRA, imelithamini kwa shilingi 500,000. Ushuru wa forodha ni 175,000. Ushuru wa bidhaa wa asilimia 25 hutozwa juu ya jumla ya thamani na ushuru huo, yaani 168,750. Kisha VAT ya asilimia 16 hupanda juu ya yote, 135,000. Tayari umedaiwa 478,750, na bado kuna ada nyingine ndogo ndogo. Tena thamani hiyo haitokani na bei mliyopatana. Mamlaka huanza na orodha yake ya bei za magari mapya, halafu hupunguza kwa uchakavu. Anayekuambia "tutaandika bei ndogo" anakupeleka kwenye kosa la pili.

Mwalimu aliliendesha gari wiki kadhaa. Marobota yalibebwa, watoto walipelekwa shule. Wakala wa Mombasa alikuwa kila siku "yuko kwenye foleni", kisha simu yake ikawa haipatikani, kisha ya dalali nayo. Katika siku hizo zote, bima iliyokuwa ndani ya gari ilikuwa ile kadi ya njano ya COMESA iliyokatwa kwa jina la muuzaji. Namwomba msomaji atafakari kidogo: lau angemgonga mtoto wa mtu pale Likoni, angeanza kumweleza nani kwamba gari ni lake?

Aliposimamishwa barabarani, kibali kilikuwa kimeshapitwa na tarehe. Gari likapelekwa yadi ya forodha. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, gari la namna hiyo laweza kutaifishwa, na mwenye mali hupewa mwezi mmoja tangu taarifa ya kukamatwa kuleta madai yake kwa maandishi. Lakini mwenye mali ni nani? Kadi ina jina la mtu wa Dar ambaye mwalimu hajawahi kumwona. Kibali kina jina la mtu asiyepokea simu. Jina la mwalimu lilikuwa mahali pamoja tu, kwenye fomu ya mkopo. Hakuweza hata kuomba alirudishe Tanga.

Wako wanaoniuliza kuhusu msamaha wa wakazi wanaorejea nyumbani. Upo, na ni haki ya anayestahili. Sheria hiyo hiyo inamsamehe ushuru mtu anayehama kwa kweli kurudi kuishi nchini, kwa gari moja ambalo amelimiliki na kulitumia yeye mwenyewe kwa miezi isiyopungua 12 nje ya nchi mwanachama. Yasome vizuri maneno hayo ya mwisho. Aliyekuwa akifanya kazi Muscat anaweza kufaidika. Aliyekuwa Arusha, ambako ni ndani ya Jumuiya, asilijengee matumaini gari lake. Na gari la kununuliwa juzi kwa dalali haliingii humo kabisa.

Basi ukivutwa na gari la ng'ambo, nenda kwanza kwa wakala wa forodha mwenye leseni, umchague wewe mwenyewe na si muuzaji akuchagulie. Mpelekee namba ya chesisi na mwaka wa usajili wa kwanza. Muulize kama gari hili laweza kupata namba za Kenya, kisha akupigie hesabu ya kodi. Malipo yake kwa kazi hiyo ni kidogo sana ukilinganisha na mkopo wa miaka minne. Kadi ihakikishwe huko ilikotolewa, na aliyeandikwa kwenye kadi ndiye apokee pesa.

Na kama gari liko uani kwako sasa hivi kwa kibali cha mtu mwingine, itoe ile karatasi uisome leo. Ikiwa siku hazijaisha, mtafute muuzaji kabla simu yake haijazimwa. Alirudishe mwenyewe ng'ambo kabla ya tarehe iliyoandikwa, mkadaiane pesa zenu huko.