Usimuulize "Umeelewa?"

Mwanangu, Jumatatu nilikuwa kwenye benchi lako pale kliniki, nimempakata mjukuu mwenye mafua. Hukuniona, na wala sikutaka upoteze muda kwa salamu, maana foleni ilikuwa imefika mlangoni. Kwa kuwa sikuwa na la kufanya, nikawa nahesabu. Kabla hujafika kwetu ulikuwa umeuliza "Umeelewa, mama?" mara 11, na mara 11 ukajibiwa, "Ndiyo, sista."

Sikulaumu. Swali hilo nimeliuliza mwenyewe miaka mingi. Lakini hebu mfikirie yule mama wa Kinole, kule mlimani. Kaamka usiku, kapanda bodaboda kwenye utelezi wa masika, mtoto mgongoni, kisha anasimama mbele ya mtu wa sare anayeongea huku anaandika. Akwambie hajaelewa? Ataona ni kama kukuambia hujui kusema. Ile "ndiyo" yake ni adabu tu, mwanangu. Usiiandike kwenye faili.

Mimi nilifundishwa na saa. Dawa mseto ya malaria ilikuwa bado ngeni, ndiyo kwanza imechukua nafasi ya SP, nami nilikuwa zahanati moja ya mlimani ambayo jina lake tuliache. Dozi ya kwanza nilimnywesha mtoto mwenyewe, saa tano asubuhi. Nikamwambia mama yake, "Ya pili saa nane, halafu asubuhi na jioni mpaka ziishe." Kichwani mwangu nilimaanisha zipite saa nane, yaani ampe saa moja jioni. Yeye alisikia saa nane mchana, kama ambavyo angesikia yeyote aliyelelewa kwa Kiswahili. Na alikuwa mwangalifu kuliko mimi, maana aliazima saa kwa jirani asije akakosea. Mtoto akatapika, mama akaiogopa dawa, vidonge vilivyobaki akavifunga kwenye pindo la kanga.

Siku ya tatu alirudi, mtoto analegea, mwili moto. Tulimwahi. Lakini kabla hata sijamshika mtoto nilimkaripia mama: "Si nilikueleza?" Akanijibu kwa upole kabisa, "Ulinieleza, sista. Saa nane."

Nimestaafu na jibu hilo.

Tangu siku hiyo nikaanza kuyaogopa maneno yetu ya kazini. Angalia tunavyoandika kwenye bahasha ya dawa: "moja kutwa mara tatu." Kutwa ni mchana, usiku ni kucha. Mzee mmoja alikuwa anameza vidonge vyake vyote vitatu kati ya chai na magharibi, kisha analala usiku kucha bila dawa, na Kiswahili chake kilikuwa sahihi kuliko bahasha.

Kwa hiyo funga mdomo wako, umwache yeye aseme. Usimpe mtihani, maana akihisi mtihani atakariri. Jitwike wewe lawama: "Mama, leo nimechoka, sijui kama nimeeleza vizuri. Ukifika nyumbani bibi akikuuliza nesi kasema nini, utamjibuje?" Kisha nyamaza kweli, uache hata kuandika. Na umuulize ni nani atakayesema mtoto ashushwe hospitali hali ikibadilika usiku. Kwa Waluguru ukoo ni wa mama, na mjomba ana neno lake. Unaweza kumfundisha binti dalili zote za hatari zikamkaa, halafu zikaishia mlangoni kwa mtu ambaye hujawahi kumwona.

Utaniambia muda huna. Kweli huna. Lakini kumsikiliza mgonjwa akieleza ni sehemu ya kumpima, na hapo ndipo wengi mnapopotea, mnadhani mafunzo yanakuja baada ya uamuzi. Mwaka wangu wa mwisho kazini alikuja binti na mtoto wa miezi saba. Kadi inasema kikohozi, joto liko sawa kwa sababu alishapewa Panado nyumbani, mtoto katulia. Nilikuwa nimeshamruhusu kwa macho. Nikamwomba anieleze atakavyofanya nyumbani. Akasema, "Nitamnyonyesha sana kama ulivyoniambia, ila tangu jana akishika ziwa anaachia." Nikaweka kalamu chini, nikampandisha mtoto fulana, nikatazama saa ya mkononi dakika nzima. Usihesabu robo dakika ukazidisha kwa nne, pumzi za mtoto hazina mwendo mmoja. Zilifika 64. Kwa umri ule 50 tu ni nyingi, na chini ya mbavu kifua kilikuwa kinabonyea kila anapovuta. Utulivu niliouona ulikuwa uchovu. Hakupanda mlima siku ile.

Milima hii ya Waluguru inajua habari ya kufundishwa bila kuulizwa. Mama yangu alikuwa Matombo mwaka 1955, mkoloni alipowalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi kuzuia mmomonyoko. Mmomonyoko ulikuwepo, hapo hakudanganya. Ila udongo wa juu kwetu ni mwembamba, ukikata ngazi unaufukia na kupanda mahindi kwenye udongo mfu. Wakulima walilijua hilo kwa jembe. Julai ile zikazuka ghasia, risasi zikalia, na mpango wenyewe ukafa. Kisha nikiwa mtoto ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, mwaka 1973. Watu walikaa kwa vikundi kusikiliza redio, na kipindi kikiisha wanajadiliana wao kwa wao, nani atachimba choo na lini. Walikuwa karibu milioni mbili nchi nzima. Sisemi kila kitu kilikwenda vizuri. Nakumbuka tu kwamba baba, ambaye hakupenda kuamriwa na mtu, choo chetu alikichimba.

Basi chagua. Huwezi kumkalisha kila mtu. Mkalishe aliyepewa dawa mpya, mama wa mtoto wa kwanza, na hasa yule anayeitikia kabla hujamaliza sentensi. Wengine waache waende, na usijione umewaibia.

Alhamisi atakuja yule mzee wa presha, anayeuza ndizi. Nimeona kwenye kadi umemwandikia "hafuati masharti." Mimi nilikaa naye benchi lile lile. Ananiambia vidonge huacha kila kipimo kikisoma vizuri, kwa sababu wewe mwenyewe ulimpongeza: "Mzee, presha imeshuka, safi sana!" Akajua kapona. Mpe kiti, na umuulize kwanza ndizi zinauzwaje.