Kilichofichwa Chini ya Rangi



Katika uwanja wa nyumba yangu, hapa Lubumbashi, kuna kibanda cha mabati kilichojengwa zamani kwa kuweka kuni na mkaa. Upana wake unatosha motokari moja, na mtu mmoja akijibana ubavuni mwake. Ndani ya kibanda hicho nilifanya kazi miaka mitatu, kila siku ya Posho na kila jioni iliyokuwa na umeme, nikitengeneza upya kamyoneti ya zamani. Siandiki habari hii kwa kujisifu. Mtakaposoma mpaka mwisho mtaona kwamba sina la kujisifu. Ninaiandika kwa sababu kamyoneti ile ilinitolea maswali mawili: moja la kuzungumza na rafiki kivulini, na moja la kumnyima mtu usingizi.

Ni Peugeot 404 yenye turubai nyuma. Wazee wanaijua sana. 404 ilianza kuuzwa mwaka 1960, na kamyoneti yake ikafuata mwaka 1967. Katika mashindano makali ya Safari, yaliyopita katika matope na vumbi la Afrika ya Mashariki, 404 ilishinda mara nne: mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1963, na tena mwaka 1968, ni motokari saba tu zilizofika mwisho wa mashindano. Ndiyo maana watu waliiamini, wakaipakia mihogo, saruji, maarusi na maiti. Ile yangu iliundwa mwaka 1974. Niliipata mwaka 2015, imelala chini ya mwembe wa jirani, na kuku walikuwa wakitaga mayai juu ya kiti cha dereva.

SWALI LA KWANZA: JE, BADO NI ILE ILE?

Nilianza na mashini. Katika mashini ya 404, mapipa ambamo pistoni hupanda na kushuka hayakutobolewa katika chuma kikubwa chenyewe. Yamepachikwa ndani yake, na maji ya kupoza yanapita nje yao. Yakichakaa, unayatoa na kutia mengine. Nilibadili mapipa yote manne pamoja na pistoni zake. Kisha nilibadili mipira ya freni, kwa maana mpira uliokauka hauzuii tena mafuta yake: unakanyaga, mguu unashuka mpaka chini, na motokari haisimami. Nikabadili nyaya za umeme zilizotafunwa na panya, kioo cha mbele, viti, na turubai yenyewe.

Siku moja mjukuu wangu, aliyekuwa akinishikia taa, aliangalia rundo la vyuma vya zamani pembeni, kisha akaangalia kamyoneti. Akauliza: «Babu, hii bado ni ile uliyonunua, ao ni nyingine?»

Mtoto hakujua kwamba swali lake ni la kale sana. Plutarch, mwandikaji wa Kiyunani aliyeishi karibu miaka 1900 iliyopita, anasimulia kwamba watu wa Athene waliitunza merikebu ya shujaa wao Theseus. Ubao ulipooza, waliutoa na kutia mwingine wenye nguvu. Basi wenye hekima wakagawanyika: hawa wakasema ni merikebu ile ile, wale wakasema sivyo. Katika karne ya 17 Mwingereza Thomas Hobbes akalizidisha fumbo hilo: kama mtu angeziokota mbao zote za zamani, akaziunganisha tena kwa utaratibu wake wa kwanza, merikebu ya kweli ingekuwa ipi?

Mimi nilimjibu mjukuu wangu kwa mfano wa karibu. Nilimwambia: «Angalia kijiji cha babu zetu. Wale walioanzisha kijiji wamekufa wote. Nyumba zao za udongo zilianguka, zikajengwa nyingine. Hata hivyo, tukienda kule tunasema: tumefika kwetu. Kwa nini? Kwa sababu kila mtoto aliyezaliwa alipokewa na wale waliokuwapo, akafundishwa nao, akashika kazi yao.» Ni vivyo hivyo na motokari. Kila chuma kipya kilipokewa mahali pake, katikati ya vile vya zamani, kidogo kidogo, kwa kazi ile ile. Rundo lililo pembeni ni rundo tu.

Basi tushike neno hili, maana tutalihitaji: kubadilishwa hakukifanyi kitu kuwa cha uongo. Mtu aliyebadilika si mdanganyifu kwa sababu amebadilika. Uongo unaingia kwa mlango mwingine.

SWALI LA PILI: JE, NI NZIMA?

Sehemu ya mbele ya 404 haina shasi ya pekee iliyolala chini ya mwili. Mwili wenyewe wa bati ndio unaobeba uzito. Chini ya milango, kuume na kushoto, kuna boriti ya bati iliyo tupu ndani kama bomba, yenye vitundu vya kutoa maji. Miaka inapopita, matope yanaziba vitundu hivyo, maji yanabaki ndani, na kutu inaanza kula kutoka ndani kwenda nje. Chuma kikigeuka kutu kinavimba. Ndiyo sababu rangi inainuka kama lengelenge la mtu aliyeungua. Lakini siku unapoliona lengelenge, ugonjwa ni wa zamani.

Boriti ya kuume niliitengeneza sawasawa. Niliondoa betri. Nilitoa tangi ya esanse nikaipeleka mbali, kwa maana tangi tupu iliyojaa mvuke ni ya hatari kuliko ile iliyojaa esanse. Niliweka vigingi chini ya mwili usije ukalegea na milango ikakataa kufunga. Nilikata kutu yote mpaka nikaona chuma kinachong'aa, na fundi akalehemu bati jipya lenye unene ule ule, kipande kwa kipande, ili moto usilipinde. Kazi hiyo ilikula majuma matano.

Ikaja zamu ya boriti ya kushoto, na fedha ikaisha. Binti yangu wa mwisho alikuwa akingoja fedha ya masomo ya uuguzi, na kamyoneti ile ndiyo ingemlipia. Bati sikuwa nalo, na mshahara wa fundi sikuwa nao. Nilikuwa na mastiki.

Wenye kufanya kazi ya motokari wanajua namna yake. Unajaza tundu kwa karatasi na wavu, unapaka mastiki juu, unaingoja ikauke, unaisugua kwa msasa mpaka kiganja kisisikie tena mahali chuma kinapoishia. Kisha unapaka rangi. Nilipaka rangi ya buluu, nikarudi nyuma hatua tano, nikaangalia. Boriti ya kushoto, ile ya uongo, ilipendeza kuliko ile ya kuume.

Akaja mama mmoja mwuza unga. Alitaka motokari ya kupeleka unga Likasi na kurudi na mkaa, njia ya kilometa kama 120, na mnajua namna wanawake na watoto wao wanavyopanda juu ya magunia. Aliizunguka kamyoneti, akashika mlango, akaniambia: «Mwalimu, mimi sijui vyuma. Ninakujua wewe. Niambie: ni nzima?»

Nikajibu: «Mama, kila kitu ni kipya.»

Pimeni jibu hilo. Sikusema ni nzima. Hata mastiki ilikuwa mpya! Ulimi wangu ulitafuta maneno ambayo ningeweza kuyatetea baadaye, na mtu anayetafuta maneno ya namna hiyo amekwisha kujua kwamba anadanganya. Mama yule akaacha dola 300 za arabuni, akasema atarudi siku ya Posho kuichukua.

MAWAKILI WATATU

Usiku huo sikulala. Mawakili watatu walikuja kunitetea, na ninyi pia mnawajua.

Wa kwanza alisema: «Watu wote wanafanya hivyo.» Lakini kama wote wangefanya hivyo, neno nzima lingekuwa limekufa, na hakuna ambaye angeliuliza tena. Mama yule aliniuliza kwa sababu wako watu waliomwambia kweli siku za nyuma. Mimi nilitumia imani iliyojengwa na wengine, kama mtu anayechota katika mtungi ambao hakuujaza.

Wa pili alisema: «Mnunuzi afungue macho yake.» Lakini alifungua! Mtu anayejua vyuma angegonga boriti kwa nyundo. Yeye, kwa kuwa hajui, aligonga dhamiri yangu, nayo ikamdanganya. Ukimwambia kipofu ashike mkono wako, huwezi kumlaumu baadaye kwamba hakuona shimo.

Wa tatu alikuwa na nguvu kuliko wote. Alisema: «Hufanyi kwa tamaa. Unafanya kwa ajili ya mtoto.» Hapo nilinyamaza muda mrefu, na sipendi watu wanaolijibu neno hilo haraka haraka, mara nyingi ni watu ambao hawajakosa fedha ya masomo. Haja ya binti yangu ilikuwa ya kweli. Haja ya kweli inanipa ruhusa ya kuomba, ya kukopa, ya kuuza kwa bei ndogo, hata ya kujinyima chakula. Lakini hainipi ruhusa ya kuwalipisha wale wanaokaa juu ya magunia, nao hawajui kwamba wanalipa. Boriti ikikunjika katika mtelemko, ni mtoto wa nani atakayeanguka? Naye pia ana baba.

Nikaona tofauti ambayo nilikuwa siioni. Kuweka kiraka si dhambi. Nguo za maskini zina viraka, wala hazimwoneshi mtu yeyote uongo. Kama ningalimwambia: «Mama, kushoto ni mastiki, usiipakie mzigo mpaka ilehemiwe,» mastiki ile ile ingekuwa kiraka tu. Niliponyamaza, iligeuka kuwa mtego. Mapipa mapya, pistoni mpya, viti vipya, vyote hivyo havikuifanya kamyoneti kuwa ya uongo. Tundu moja lililofichwa liliifanya hivyo.

BEI YA KWELI ILIYOCHELEWA

Siku ya Ijumaa asubuhi nilichukua tindo na nyundo, nikaifungua boriti ya kushoto. Mama alipokuja kesho yake, nilimwonyesha tundu, nikamwambia yote. Alikaa kimya kitambo. Kisha akasema: «Asante, Mwalimu. Lakini nilikwisha kuahidi watu safari ya siku ya Kwanza.» Akapokea arabuni yake, akaenda.

Sitawaambia kwamba alirudi. Hakurudi. Binti yangu akangoja mwaka mzima. Nilipomweleza sababu, alilia, na kwa siku nyingi hakutaka kula pamoja nasi. Mwishoni aliniambia: «Baba, sikasiriki kwa sababu ulisema kweli. Ninakasirika kwa sababu ulichelewa. Ungalimwambia mama yule siku ya kwanza, mngalikatiana bei, naye angalitafuta fundi wake.»

Alisema haki. Nilikuwa nikijiona mtu aliyelipa bei ya ukweli. Sivyo. Ukweli wa siku ya kwanza ungalikuwa na bei ndogo. Ile kubwa ilikuwa bei ya siku zile nilizonyamaza, na aliyeilipa hakuwa mimi.

Tulikopa kidogo kwa shemeji yangu, tukalehemu boriti ya kushoto kama ile ya kuume, tukatia mafuta mazito ndani yake ili maji yasishike. Kamyoneti iliuzwa mwaka 2019, na binti akaanza masomo. Mnunuzi aliponiuliza kama ni nzima, nilimpa nyundo mkononi.

Ndugu msomaji, pengine huna motokari. Lakini unajenga ukuta, unapima mchele, unaandika hesabu ya chama, ao unamwambia mgeni habari za mtoto wako anayeposwa. Kila kazi ina mastiki yake. Kwa macho hutaijua: mahali palipofichwa ndipo panapong'aa. Chukua nyundo, ugonge. Bati zima linalia. Lililoliwa linatoa sauti nzito, kama mtu anayejibu akiangalia pembeni. Afadhali ugonge wewe mwenyewe, leo, kabla mtu hajapakia magunia yake na watoto wake juu.