Ulimi na Akili

Watu wengi hupima akili kwa ulimi. Asemaye vizuri huitwa mwerevu, na asiyeweza kusema hudhaniwa mpumbavu. Kipimo hiki ni chepesi mkononi, lakini si cha haki.

Mwaka 1861, katika hospitali ya Bicêtre karibu na Paris, daktari Paul Broca alimchunguza mgonjwa aliyeitwa Leborgne. Kwa miaka mingi mtu huyu hakuwa na jibu ila silabi moja, "tan". Hata hivyo alifahamu karibu yote aliyoambiwa. Alipoulizwa amekaa pale miaka mingapi, alifungua vidole vitano mara nne, kisha akaongeza kidole kimoja. Miaka ilikuwa 21 kamili. Alipokufa, Broca aliona dhara katika ubongo wake, upande wa kushoto, sehemu ya mbele. Njia ya maneno ilikuwa imevunjika. Hesabu ilibaki nzima.

Ni kweli kwamba lugha huinoa fikira, na mawazo mengi yasingefika mbali bila maneno. Lakini jiwe linoalo kisu silo lililokifua.

Sarufi ya Kiswahili ina funzo hapa. Kiziwi na kipofu ni majina yenye umbo la kitu; lakini husemwa "kiziwi amekuja", wala si "kiziwi kimekuja". Neno huanza kama litajalo chombo, na sentensi humkiri mtu. Akutanaye na aliyenyimwa maneno hana budi kuutimiza upatanisho huo kwa matendo.