Amana ya Mwenye Kupima

Watu wengi wakitajiwa uwongo humkumbuka muuzaji mwenye mizani mbovu, au shahidi aliyeapa mbele ya kadhi kwa jambo asiloliona. Ni wachache wamkumbukao kijana aliyevaa koti jeupe, ameketi katika maabara ya Chuo Kikuu, kiwe cha Dar es Salaam au cha Nairobi, kalamu mkononi na daftari mbele yake, wala hapana mtu amtazamaye. Lakini huyo naye yumo katika kundi la wapimao, na Sura ya Al-Mutaffifin, iliyoanza kwa kuwaonya wapunguzao vipimo, haikumtoa. Jambo lake lastahili kuchunguzwa, kwani wazazi wengi wapeleka watoto wao huko kusoma udaktari, ufamasia na kilimo, na miongoni mwa elimu wanazokutana nazo mapema ni ile iitwayo bayokemia, yaani elimu ya mageuzi yapitayo ndani ya miili yenye uhai.

Katika masomo ya mwanzo ya elimu hiyo mna jaribio moja dogo lisilo na gharama. Mwanafunzi huambiwa ateme mate yake katika kikombe, ayachanganye na maji, kisha ayatie katika chupa nyembamba za kioo zenye uji mwepesi wa wanga. (Na ikiwa ni mwezi wa Ramadhani asiwe na wasiwasi, kwani saumu haibatiliki kwa kutema mate.) Ndani ya mate mna kimeng'enya kiitwacho amilesi, nacho huukata wanga ukawa sukari. Hata asiyepata kuingia maabara amelijua hilo kwa ulimi wake, maana atafunaye mkate mkavu kwa muda mrefu huona utamu ambao mwanzo haukuwako. Katika maabara shahidi ni iodini: ikitonezwa juu ya wanga hutokea rangi ya buluu iliyokoza hata kukaribia weusi; wanga ukiisha, iodini hubaki na rangi yake ya manjano. Basi mwanafunzi huweka chupa moja katika maji baridi, moja katika maji ya nyuzi 37, ambalo ndilo joto la mwili, na moja katika maji yatokotayo, akahesabu dakika mpaka ule weusi usionekane tena. Vitabu vyasema kwamba katika baridi kazi itakwenda polepole, katika nyuzi 37 itakwenda kwa haraka, na katika maji yatokotayo haitakwenda kabisa, kwa kuwa kimeng'enya ni protini, na protini ikichemshwa huharibika umbo lake, kama ute wa yai ugandavyo ukipikwa wala usirudi kuwa majimaji.

Sasa na ichukuliwe kwamba siku hiyo chupa ya nyuzi 37 imechelewa kuliko ya baridi. Huenda mate yalikuwa machache, au chupa haikupewa muda wa kupata joto, au iodini ilizidishwa. Saa ya somo imekwisha. Mwenziwe wa meza ya pili amepata namba nzuri. Maksi za kazi hii zahesabiwa katika mtihani wa mwaka, na juu ya mtihani huo yategemea masomo yake, na pengine fedha alizosomeshwa kwazo na ukoo mzima. Alichokiona ni dakika 11. Kitabu chataka kama dakika 4. Kalamu yaandika 4.

Akiulizwa, atasema kwamba hapana aliyedhulumiwa. Kazi ya amilesi yajulikana tangu zamani, wala namba yake haitabadili kitu katika ulimwengu. Haya ni mazoezi tu. Maneno haya yaonekana kuwa na nguvu mpaka litazamwe lile alilotakwa kulieleza. Mwalimu hakumuuliza amilesi hufanya nini, kwani ajua hayo kabla ya kijana kuzaliwa. Alimuuliza: Wewe umeona nini? Jambo hilo moja halimo katika kitabu chochote, na ajuaye ni huyo kijana peke yake. Kwa hiyo namba ile ni ushahidi, na ushahidi Qurani imekataza usifichwe. Aliyeandika 4 amesema kweli juu ya amilesi, ambayo hakuulizwa, na amesema uwongo juu ya nafsi yake, ambayo ndiyo aliyoulizwa.

Wengine hujitetea kwa njia nyingine: nilijua nimekosea, basi nikasahihisha. Lakini kusahihisha ni kurudia jaribio, si kurudia mwandiko. Wanavyuoni wa Hadith walilipambanua jambo hili zamani sana. Mpokezi mkweli aliyekuwa na hifadhi mbovu walimwita dhaifu, na pengine khabari yake iliandikwa ikatazamwa, ikapata nguvu kwa njia nyingine. Lakini aliyethibitika kuwa amezua, hata kama alidai kwamba nia yake ni kuwavuta watu katika kheri, riwaya zake ziliangushwa.

Tena mwenye kuifuta namba asiyoipenda hajui alichokifuta. Eduard Buchner, Mjerumani, aliponda hamira kwa mchanga, akaikamua, akapata maji yasiyo na chembe hai, naye alitaka yatumike katika mambo ya dawa. Ili yasioze akayatia sukari nyingi. Yakaanza kutoa mapovu. Wataalamu wengi wakati huo walimfuata Pasteur, kwamba kuumuka hakuwi ila kwa hamira iliyo hai. Ilikuwa rahisi kwa Buchner kusema kwamba chombo hakikuoshwa vizuri, akamwaga. Hakumwaga, alirudia, akachunguza, akatangaza mwaka 1897, na mwaka 1907 akapewa Tuzo ya Nobel. Sehemu kubwa ya bayokemia isomwayo leo imejengwa juu ya mapovu hayo. Si kwamba kila chupa iliyochelewa ina ugunduzi ndani yake. Kwa kawaida ina uzembe tu. Lakini uzembe nao ni khabari, na mwenye kuuficha hawezi kuutibu.

Wala lawama yote si ya kijana. Mwalimu atoaye maksi kwa namba zinazolingana na kitabu, na kumnyima aliyeleta namba mbaya pamoja na maelezo mema, amefungua duka la uwongo na kuwaita wanunuzi. Na mkono uliozoea hayo ukiwa na miaka 19 hautabadilika kwa kuvikwa cheo. Kesho utakuwa katika hospitali, ukipima sukari katika damu ya mama wa mtu, na chombo kitaonyesha namba ya ajabu, na saa ya kwenda nyumbani itakuwa imefika.

Asemaye kweli huenda akapata maksi chache siku hiyo. Hilo haliwezi kukanushwa, na anayemwahidi kijana kwamba ukweli haugharimu humdanganya. Lakini daftari la maabara lina adabu yake, nayo ni nyepesi kushika: namba iliyokosewa haifutwi wala haipakwi wino, hukatwa kwa mstari mmoja mwembamba, hata asomaye aweze kuiona chini ya mstari, na kando yake huandikwa kilichotokea, tarehe, na namba ya jaribio la pili.