Siku za Kungoja

Mwanamke aweza kuwa mkulima wa muhogo karibu na Kasongo, au mchuuzi wa chakula kwa wachimba dhahabu wa Salamabila, upande wa Kabambare. Njiani watu wenye silaha wamkamata na kumtendea jeuri. Siku ya pili afika kwenye kituo cha afya. Mwuguzi ampa kidonge cha kuzuia mimba pamoja na dawa za kumkinga na ukimwi, amwambia arudi baada ya majuma matatu apimwe. Arudi nyumbani, na hapo yaanza taabu isiyoonekana na mtu: ahesabu siku. Asubuhi huangalia nguo yake, usiku hukosa usingizi, na kila kichefuchefu humtia hofu upya.

Huo si msiba wa mtu mmoja. Tangu vita vya mwaka 1996 na vya mwaka 1998, wanawake wengi wa kusini ya Maniema wamepitia njia hiyo, na hata baada ya vita hivyo jeuri ya wenye silaha haikukoma. Kidonge chenyewe humezwa kwa dakika moja. Kungoja ni kwa siku ishirini na zaidi. Je, mwenye kungoja hivyo ana lawama? Na wanaokaa naye wana wajibu gani?

Katika hofu yake mna maswali matatu yaliyosokotana kama kamba moja. La kwanza: je, ametenda dhambi? La pili: je, dawa imefaa? La tatu: watu wake watamfanyaje? Yafaa kuyafungua moja moja, maana hofu isiyochambuliwa huzidi kukua.

Juu ya swali la kwanza, katekisimu yafundisha kwamba dhambi ya mauti yataka mambo matatu: jambo lenyewe liwe zito, mtu alijue, tena aliridhie kwa hiari yake. Aliyeshikwa kwa nguvu hakuridhia. Basi hana dhambi, wala kubwa wala ndogo. Mtakatifu Augustino alilieleza hilo zamani. Mji wa Roma ulipotekwa mwaka 410, askari waliwatendea jeuri wanawake wengi Wakristu, na watu wakawacheka. Augustino akawatetea katika kitabu cha kwanza cha Mji wa Mungu: usafi wa moyo hukaa katika utashi, wala tendo la mtu mwingine haliwezi kuuondoa. Kwa hiyo neno ambalo watu hulitumia, «kunajisiwa», ladanganya. Unajisi wote ni wa yule aliyetenda.

Wako wanaomtaja Mwenyeheri Anuarite, aliyeuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964 kwa kumkataa mkubwa wa waasi, na kutangazwa mwenyeheri Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985. Husema: «Yeye alikufa, kwa nini huyu anaishi?» Maneno hayo ni ya ukatili. Kumheshimu aliyekufa akikataa si kumshutumu aliyelazimishwa akabaki hai. Wote wawili hawakuridhia.

Lakini je, kumeza ile dawa? Hapo historia ya Kongo yenyewe ina la kusema. Baada ya machafuko ya mwaka 1960, masista wa misioni walikuwa katika hatari ya kutendewa jeuri. Mwaka 1961 wanateolojia watatu wa Roma, yaani Pietro Palazzini, Franz Hürth na Ferdinando Lambruschini, waliandika juu ya shauri hilo katika gazeti la Kiitalia Studi Cattolici. Kila mmoja alipita njia yake, lakini walifika mahali pamoja: sista aliye katika hatari hiyo aweza kutumia dawa ya kuzuia mimba, kwa sababu anajikinga na mshambulizi. Mnamo Februari 2016 Papa Fransisko aliutaja mfano huo wa masista wa Afrika, akisema ni Papa Paulo VI aliyeruhusu.

Mtu aweza kupinga hivi: «Wale walisema juu ya dawa inayomezwa kabla ya tendo; hii yamezwa baada yake.» Pingamizi hilo lina uzito. Maana kuzuia mimba isipatikane ni jambo moja, na kuiharibu mimba iliyokwisha kupatikana ni jambo jingine kabisa. Basi ni lazima kujua dawa yafanya nini. Dawa inayotolewa mara nyingi huitwa levonorgestreli, miligramu 1.5 kwa mara moja. Kazi yake ni kulichelewesha yai la mwanamke lisitoke, ili mbegu ya mwanamume isilikute. Ikiwa mimba imekwisha kujishikiza katika tumbo la uzazi, dawa hiyo haiiondoi. Mnamo Desemba 2022 idara ya serikali ya Marekani inayosimamia dawa iliyachunguza maandiko ya wataalamu, ikabadili maelezo ya kidonge hicho na kueleza kwamba hakilizuii yai lililorutubishwa lisijishikize.

Kwa msingi wa namna hiyo maaskofu wa Ujerumani walikubali, mnamo Februari 2013, kwamba katika hospitali za Kikatoliki mwanamke aliyebakwa aweza kupewa kidonge, mradi kazi yake iwe kuzuia na si kutoa mimba. Maaskofu wa Marekani nao, katika miongozo yao kwa hospitali, husema kwamba mwanamke wa namna hiyo aweza kujikinga na mimba inayoweza kutokana na jeuri hiyo. Waraka Humanae Vitae wa mwaka 1968 hautanguki kwa hayo. Waraka ule wazungumza juu ya tendo la ndoa, ambamo wawili hupeana nafsi zao. Mbakaji hakutoa zawadi yoyote ambayo mwanamke aliikataa, aliiba. Na kilichofikiriwa kuwa haki kwa sista mwaka 1961 hakiwezi kuwa kosa kwa mama mkulima wa Kabambare, maana mbele ya Mungu shela haiongezi thamani ya mwili wa mtu.

Swali la pili ni la maarifa, na maarifa hayo ni sehemu ya upendo. Kidonge hupunguza sana hatari ya mimba, wala hakiiondoi yote. Kadiri kinavyomezwa mapema ndivyo kinavyofaa: yapasa ndani ya siku tatu, na hata siku ya tano chaweza kusaidia, ila kwa nguvu ndogo zaidi. Aliyetapika kabla ya saa mbili kupita hupaswa kumeza kingine. Kichefuchefu, kichwa kuuma na uchovu vyaweza kuletwa na kidonge chenyewe. Si alama ya mimba. Hedhi nayo yaweza kuwahi au kuchelewa siku kadhaa. Ikichelewa kupita siku saba, au majuma matatu yakiisha tangu siku ya jeuri, ndipo kipimo huaminika. Kabla ya hapo chaweza kudanganya. Tena, kama mimba ipo, kidonge hakikumdhuru mtoto. Mwanamke asiyeambiwa hayo hutafsiri kila maumivu kuwa hukumu. Mwuguzi atoaye kidonge pasipo maelezo ametoa nusu ya dawa.

Swali la tatu ndilo zito kuliko yote. Mwanamke aweza kuamini kwamba hana dhambi, aweza kuelewa kazi ya kidonge, na bado akatetemeka, kwa sababu anayemwogopa zaidi si Mungu wala si ugonjwa. Ni watu wa nyumba yake. Je, bwana wake atamrudisha kwa wazazi? Mama mkwe atakula tena chakula alichokipika? Wenzake kisimani watanyamaza atakapofika? Wazee husema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wenye kumhukumu hawakulala juu ya kitanda hicho.

Hofu hii ya tatu ndiyo ambayo wengine wanaweza kuiondoa, na kwa hiyo ndiyo wanayodaiwa. Kidonge hakimo mikononi mwa mume, wala siku za mwezi hazimo mikononi mwa mama mkwe. Lakini neno la kinywa limo. Mume asemaye: «Mama watoto, lolote litakaloonekana, nyumba hii ni yako», ameondoa theluthi ya mzigo kabla kipimo hakijafanywa. Naye akisema: «Tungoje kwanza tuone», ameifanya ndoa yake kuwa kitu cha kupimwa kwa mkojo. Sheria ya Kongo ya tarehe 20 Julai 2006 huweka kifungo cha miaka 5 hadi 20 kwa mbakaji. Haimwekei adhabu yoyote aliyebakwa. Basi kwa haki gani ukoo wamwekea adhabu ambayo hata serikali haikuijua?

Katekista na viongozi wa jumuiya nao wana kazi yao. Wasiulize jambo ambalo mwenyewe hakutaka kulisimulia. Siri waliyopewa waitunze, hata kwa wake na waume zao. Wasimwombee hadharani kwa maneno yatakayomtambulisha. Akitaka kusindikizwa kituoni, asindikizwe na mwanamke anayemwamini.

Na kama kipimo chaonyesha mimba? Hapo Eklezia hufundisha kwamba mtoto hana kosa, na uhai wake walindwa. Lakini fundisho hilo lina upande wa pili, ambao mara nyingi husahauliwa. Kijiji kinachomwambia mama: «Mzae», kisha kikamwita mtoto «mwana wa adui», kikamnyima shamba na jina la ukoo, kimesema uongo. Hakiwezi kumdai mama mzigo ambao chenyewe kimekataa kuugusa. Mwenye kuulinda uhai wa mtoto tumboni aulinde pia mezani, shuleni, na siku ya kugawa mashamba.

Basi mwanamke yule bado angoja. Hofu yake si upungufu wa imani, maana hata Bwana mwenyewe katika Bustani ya Mizeituni aliingiwa na hofu, akawaomba rafiki zake wakeshe pamoja naye. Walilala. Kosa la usiku ule lilikuwa la wale waliolala. Siku ya ishirini na moja itakapofika, mwanamke huyo asiende kituoni peke yake.