Ulimi katika Baraza



Mwenyezi Mungu amewapa wanyama macho na masikio, lakini neno amempa mwanadamu. Kwa neno mtu humsifu Muumba wake, humfundisha mtoto wake, humwonya jirani yake. Na kwa ulimi ule ule mtu huweza kubomoa kwa siku moja urafiki uliojengwa na baba zake miaka mingi. Basi yampasa kila mtu anayejitayarisha kwa Ubatizo kujua namna ya kuutawala ulimi wake, hasa mahali watu wengi wanapokutana.

Katika Swima, kando ya ziwa Tanganyika, kama katika vijiji vingine vya Fizi, watu hawakosi mahali pa kusemea. Wabembe wamerithi kwa wazee wao lubunga, yaani baraza ya kukatia mashauri. Tena kuna mikutano ya wazazi wa shule, ya wavuvi, ya bomba la maji, na ya jumuiya ya Wakristu. Mkatekumeni akiingia humo, aseme namna gani?

Kusema si dhambi

Kwanza asidhani kwamba Mkristu mwema ni yule anyamazaye daima. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 6, wajane wa watu wasemao Kiyunani walisahauliwa katika ugawaji wa chakula, na jamaa zao wakanung'unika. Mitume hawakuwafukuza wala hawakuwaita wachochezi. Waliitisha mkutano, wakachaguliwa watu saba waaminifu, na jambo likatengenezwa. Mt. Paulo naye alimkosoa Mt. Petro uso kwa uso kule Antiokia, nao wakabaki mitume wa Kristu mmoja.

Papa Yohane XXIII alifundisha katika barua yake Pacem in Terris ya mwaka 1963 kwamba kila mtu ana haki ya kutafuta ukweli na ya kutoa mawazo yake, akishika mipaka ya maadili na ya faida ya wote. Katiba ya Kongo ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 23, nayo yampa kila mtu uhuru wa kusema, ila aheshimu sheria na maadili mema. Basi haki ipo, na mpaka upo.

Mfano wa bomba la maji

Tuseme bomba la kijiji limeharibika, watu wanarudi kunywa maji ya ziwa, na watoto wanashikwa na kuhara. Kila nyumba ilikwisha kutoa fedha ya matengenezo. Barazani mama mjane anasimama na kuuliza: «Fedha yetu iko wapi? Tunaomba kuona daftari.» Mtunza fedha anakasirika na kusema: «Mama huyu amenitukana!»

La, hakutukana. Ameuliza jambo la kweli, mbele ya wale linalowahusu, kwa ajili ya uzima wa watoto. Neno lake linachoma, lakini dawa nayo huchoma kidonda. Mkubwa anayeliita kila swali tusi amekosa haki, kwa kuwa anajificha nyuma ya heshima yake ili asitoe hesabu.

Kisha anasimama kijana. Yeye haulizi daftari. Anasema: «Wewe ni mwizi, baba yako alikuwa mwizi, na ukoo wenu wote ni mbwa!» Hapo mpaka umevukwa. Pengine fedha imeibwa kweli, lakini baba aliyekufa hakuitunza, wala ukoo haukula. Tena tazameni matokeo yake: ndugu za mtunza fedha wanasimama, fimbo zinainuliwa, mkutano unavunjika, na daftari halikufunguliwa. Kijana alidhani amemsaidia mama mjane. Kumbe amemsaidia mwenye kuficha fedha. Tusi limefunga mlango uliofunguliwa na swali.

Makosa matatu ya ulimi

Kanisa lafundisha kuyapambanua makosa haya. Masingizio ni kusema uongo juu ya jirani na kuharibu jina lake. Masengenyo ni kufunua kosa lake la kweli pasipo sababu ya haki kwa watu wasiolijua. Tusi ni kumdharau mtu mwenyewe, aliyeumbwa kwa sura ya Mungu. Katika sura ya 5 ya Mt. Mateo, Bwana wetu aliweka hasira na matusi karibu na amri ya kutoua, maana kuua huanza moyoni, hupita kinywani, kisha hufika mkononi.

Mwingine atauliza: «Je, Yesu mwenyewe hakuwaita Mafarisayo wanafiki?» Ni kweli. Lakini alisema mbele yao, akataja matendo yao moja moja, naye aliijua mioyo. Hakudharau kabila lao wala mama zao. Na mwishoni mwa maneno hayo aliulilia mji wa Yerusalemu kwa uchungu wa mzazi. Anayetaka kukemea kama Bwana apende kwanza kama Bwana.

Tusi juu ya kabila

Baya zaidi ni tusi linalotupwa juu ya kabila zima. Nchini Rwanda, redio ya RTLM iliyoanza mwaka 1993 iliwaita Watutsi mende. Mende hakatiwi shauri barazani; hukanyagwa tu. Katika mwaka 1994, tangu Aprili hata Julai, watu mamia ya maelfu waliuawa. Tarehe 3 Desemba 2003 mahakama ya kimataifa ya Arusha iliwahukumu watu watatu kwa kazi yao katika redio hiyo na katika gazeti la Kangura. Mwaka 2007 waamuzi wa rufani walipunguza adhabu zao, lakini hawakuwaachilia.

Fizi nayo imelia sana kwa ajili ya vita. Mbembe, Mfuliru, Mnyindu na Mnyamulenge, kila mmoja amezika watu wake. Mtu aweza kudai shamba lake, kushtaki ng'ombe waliokula muhogo wake, na kumtaja aliyemtendea uovu. Lakini asiseme: «Wale wote ni nyoka.» Sheria ya Kongo ya tarehe 7 Juni 1966 yaadhibu maneno ya chuki ya kabila; na Mungu huhukumu hata yale ambayo hakimu hakuyasikia.

Mashahidi wa karibu

Tarehe 28 Novemba 1964, siku za uasi, Padri Luigi Carrara na Bruda Vittorio Faccin waliuawa Baraka. Padri Giovanni Didonè na Padri Albert Joubert waliuawa Fizi. Watatu walitoka Italia, na Padri Joubert alizaliwa Kongo. Walipotaka kumchukua Padri Carrara, yeye alikataa kumwacha ndugu yake aliyekwisha kuuawa, akapiga magoti akafa karibu naye. Tarehe 18 Agosti 2024, kule Uvira, Kanisa liliwatangaza wote wanne kuwa wenye heri. Hapo twaona kwamba mtu aweza kukataa kabisa, tena pasipo kumchukia anayemwua.

Maswali ya kujifunza

Nikitaka kusema barazani, nijiulize nini? — Nijiulize mambo matatu: Je, ni kweli? Je, yawahusu hawa wanaonisikia? Je, nasema juu ya tendo, au namdharau mtu?

Nikiwa mkubwa na kuulizwa hesabu, nifanye nini? — Nijibu kwa upole na kulifungua daftari.

Nikisikia kabila latukanwa, yatosha kunyamaza? — Haitoshi. Nimwonye msemaji kwa utulivu, nisije nikashiriki dhambi yake.

Aliyemtukana au kumsingizia jirani, yatosha kutubu moyoni? — Haitoshi. Yampasa kulirudisha jina la mwenzake, kama mwizi arudishavyo mbuzi. Na kama alisema mbele ya baraza, aombe msamaha mbele ya baraza.

Ee Bwana, weka mlinzi kinywani mwetu, utupe ujasiri wa kusema kweli na upole wa kuisema. Amina.